Fundi wa Mabata

Majarida ya vibonzo yaliyobeba jina la Walt Disney yalikuwa na desturi moja isiyo ya haki: ukurasa uwe umechorwa na nani, mwenyewe alihesabiwa kuwa ni Disney. Saini yake ilikuwa juu ya jalada, na ndani hapakuwa na jina lingine. Mtoto wa Marekani aliyetoa senti 10 kununua Walt Disney's Comics and Stories katika miaka ya 1940 angeweza kuamini kwamba Disney huketi mezani usiku akimchora Bata Donald kwa mkono wake. Lakini baadhi ya watoto hao walikuwa na jicho. Waliona kuna hadithi ambamo bata anasimama imara kwa miguu yake, hasira yake ina sababu, na kichekesho kinafika kwa wakati wake. Na kuna hadithi nyingine ambamo bata ni yuleyule kwa sura, ila hana roho. Wakawa wanamsaka yule wa kwanza kwa kukagua mistari, kama mtu anavyoitambua kazi ya fundi cherehani wake kwa kutazama mshono. Kwa kuwa hawakuwa na jina la kumwita, walimwita mchoraji mzuri wa mabata.

Mchoraji huyo ni Carl Barks. Barua za mashabiki zilipoanza kumfikia mwaka 1960, alikuwa ameshawachora mabata hao kwa miaka 17, na mwanzoni alidhani kuna rafiki anamfanyia mzaha. Haikumwingia akilini kwamba kuna mtu mzima, mwenye akili timamu, aliyekuwa akizitunza kurasa zake.

Sifa zake zimeandikwa sana: hodari wa safari za mbali, baba wa Scrooge McDuck, mwalimu wa wachoraji wa nchi nyingi. Yote ni kweli. Mimi ninalompendea ni jambo dogo zaidi, ambalo naona ndilo lililozaa hayo mengine. Barks alijua kazi ni nini. Alijua mtu anavyoshika chombo, anavyoinama, anavyochoka, anavyojisifu akiona kazi imemnyookea, na anavyoiharibu kwa sababu ya sifa hizohizo. Bata wake ana mdomo wa njano na hana suruali, lakini ni kibarua ninayemfahamu.

Hakuipata elimu hiyo kwa kusoma. Alizaliwa tarehe 27 Machi 1901 katika shamba karibu na Merrill, jimbo la Oregon, na shule aliishia darasa la nane. Sekondari ilikuwa mbali, na masikio yake yalikuwa yameshaanza kumsaliti. Uziwi huo uliendelea kuzidi maisha yake yote. Akaanza kuhangaika na vibarua. Alilima, alikata magogo, aliendesha nyumbu, alifanya kazi kwenye kiwanda cha uchapaji huko San Francisco, akapiga ribiti kwenye karakana ya mabehewa ya reli kule Roseville, California. Alijaribu kusoma uchoraji kwa njia ya posta, akapata masomo machache, akaacha kwa kukosa muda. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 alihamia Minneapolis kuchorea Calgary Eye-Opener, jarida la vichekesho vya kihuni ambalo hangemwonyesha mtoto.

Mwaka 1935, akiwa na umri wa miaka 34, aliajiriwa na studio ya Disney kwa dola 20 kwa wiki. Kazi yake ilikuwa kujaza michoro ya katikati: mchoraji mkubwa anachora mkono ukiwa chini, kisha mkono ukiwa juu, na wewe unachora mikono yote inayopita baina ya hapo. Kazi ya kuchosha, na malipo yake ndiyo hayo. Kilichomtoa hapo ni kiti cha kinyozi. Katika filamu ya Modern Inventions ya mwaka 1937, Donald anakalia mashine ya kunyolea inayojiendesha yenyewe. Mashine inamgeuza kichwa chini, inamnyoa manyoya ya makalio kwa heshima zote, kisha inampaka usoni dawa ya viatu. Wazo hilo lilikuwa la Barks. Disney alilinunua kwa dola 50, na mtoa wazo akahamishiwa kwenye idara ya hadithi. Ukikitazama kiti kile utaona Barks wa baadaye yuko humo: mashine haina ubaya, inafanya kazi yake barabara, kosa ni kwamba ncha ya juu na ncha ya chini zimebadilishana.

Studio hakuipenda. Hewa ya viyoyozi ilimsumbua pua, na vita vya dunia vilikuwa vimeigeuza studio kuwa mahali pa kutengenezea filamu za jeshi. Mwishoni mwa mwaka 1942 aliacha kazi, akaenda San Jacinto, mji mdogo wa joto kusini mwa California, akanunua kuku. Nia ilikuwa kufuga. Mwaka huohuo yeye na mwenzake Jack Hannah walikuwa wamechora kitabu kimoja cha vibonzo, Donald Duck Finds Pirate Gold, hivyo aliwaandikia wachapishaji, kampuni ya Western, kuuliza kama kuna kazi ya ziada ya kumsaidia wakati kuku wanakua. Wakamtumia hadithi ya kurasa 10 aichore. Aliichora, na alipoona hadithi ina kasoro akaitengeneza. Ilitoka Aprili 1943. Tangu hapo walimwachia aandike mwenyewe, na kuku wakasahaulika. Au tuseme walihamia kwenye hadithi, maana sijui mchoraji mwingine aliyechora mayai mengi kiasi kile.

Donald aliyemrithi kutoka sinema alikuwa bata wa ghadhabu tu. Sauti yake, ile ya kukoroma ambayo maneno hayasikiki, ndiyo iliyokuwa kichekesho chenyewe. Kwenye karatasi sauti haipo. Ilibidi Donald azungumze maneno yanayosomeka, na mtu akianza kuzungumza inambidi awe na la kusema. Barks akampa nyumba ya kuhangaikia, majirani, deni, gari bovu jekundu, na mji wa kuishi, Duckburg. Wale wapwa zake watatu, Huey, Dewey na Louie, ambao kwenye sinema walikuwa watundu wa kawaida, taratibu wakawa ndio watu wazima wa nyumba ile. Mwaka 1951 akawaingiza skauti, Junior Woodchucks, wenye kitabu cha mwongozo kinachojibu kila swali la dunia. Mjomba anapayuka, wapwa wanafungua kitabu.

Sisi tuliokua na hadithi za Sungura na Fisi tunaingia kwenye kurasa hizi kwa urahisi, kisha tunashtuka. Kwetu mnyama wa hadithi anaishi kwa ujanja. Wenzake wakichimba kisima, Sungura hachimbi, na bado ndiye wa kwanza kunywa maji. Donald ni mmoja wa wale waliochimba. Anaamka asubuhi, anakwenda kazini, na kila hadithi ana kazi mpya: mara kinyozi, mara fundi vioo, mara mhamishaji wa mizigo, mara mfugaji. Sungura wa Duckburg yupo pia, binamu yake Gladstone aliyeanza kuonekana mwaka 1948, ila yeye hata ujanja hana haja nao. Ana bahati. Anatembea barabarani na pochi inamwangukia miguuni. Barks alimchora na nywele za mawimbi na kidevu kilichoinuliwa, na sidhani kama alimpenda hata siku moja.

Nitoe mfano mmoja, hadithi ya mwaka 1953 ambamo Donald anafanya biashara ya mvua. Ana ndege ndogo, anapanda juu, anayapa mawingu dawa na kuyasukuma, na mkulima aliyelipa anapata mvua kwa kipimo alichoagiza, mahali alipoagiza. Kwa kurasa kadhaa hakuna kinachoharibika. Hilo ndilo linalonishangaza. Mwandishi mwingine wa vichekesho angeanza kuvunja vitu kwenye kisanduku cha tatu. Barks anatuacha tufurahie kazi nzuri, anatuonyesha jinsi fundi anavyolisogeza wingu, mpaka na sisi tunajivunia naye. Kisha anakuja Daisy, mchumba, ambaye amekubali kwenda mandari na Gladstone. Wivu unaingia ndani ya ndege. Ufundi uleule uliokuwa ukimwagilia mashamba unakusanya mawingu juu ya watu waliokaa majanini na chakula chao, mawingu yanapita kiasi, na kinachoshuka si manyunyu ya kumlowesha hasimu tena bali barafu ya kufunika bonde. Donald hakushindwa kwa kutojua kazi. Alishindwa kwa kuijua sana na kuitumia akiwa na hasira. Nimefanya kazi na watu wa namna hiyo.

Sasa tuutazame mkono wake. Bata ni mnyama mgumu kumchora akiwa na huzuni, kwa sababu mdomo wake ni mfupa. Hauna midomo ya kukunja wala mashavu ya kulegea. Barks alilitatua hilo kwa kuufupisha kidogo kidogo mdomo ule mrefu wa miaka ya 1930, na kwa kuhamishia kazi yote machoni. Ukiwa na kurasa zake, funika mdomo wa Donald kwa kidole utazame kilichobaki: mayai mawili ya macho yaliyogusana, nukta mbili nyeusi, na nyusi ambayo si kitu ila mkwaruzo mmoja wa kalamu. Mkwaruzo ukiinuka upande wa ndani, bata anaomba. Ukishuka, anatishia. Ukiwa mmoja juu na mmoja chini, amepata wazo na tujiandae. Kwa Scrooge, yule mjomba tajiri, ni taabu zaidi, maana kuna miwani ya kubana puani na ndevu za mashavuni, na bado unamwona mzee anapohesabu hasara kichwani kabla hajasema. Mstari wake una unene unaobadilika. Unaanza mwembamba, unashiba kwenye mgongo wa bata, unakonda tena mkiani, na kwa hiyo mwili unaonekana una uzito. Mabata wake wakianguka, wanaanguka kweli. Wakibeba gunia, magoti yanajua.

Tena hakumchora mtu yeyote amesimama bure. Katika kisanduku ambacho kazi yake ni kupitisha mazungumzo tu, mmoja wa wapwa atakuwa anafunga kamba ya kifurushi, mwingine anachungulia ndani ya sufuria. Hakuna anayelitaja jambo hilo. Ni nyumba ya watu wenye shughuli.

Hadithi ambayo mashabiki wengi huitanguliza ni Lost in the Andes ya mwaka 1949, na hapa sina ubishi nao. Donald ni msafishaji katika jumba la makumbusho, na si msafishaji hivi hivi: ni msaidizi wa nne. Akiwa anapangusa mawe ya mraba kutoka Peru, moja linaanguka na kupasuka. Kumbe ni yai. Dunia ya wataalamu inapagawa, msafara unaandaliwa, na melini profesa mkuu anatamani kimanda cha mayai. Agizo linashuka kutoka kwa profesa kwenda kwa msaidizi wake, kwa msaidizi wa msaidizi, mpaka chini kabisa kwa Donald, naye anawatuma wapwa. Wapwa, kwa kukosa mayai mengine, wanatumia yale ya mraba, ambayo yana umri usiosemeka. Chakula kinapanda ngazi ileile, kila bwana mkubwa akikionja njiani, na wote wanaugua. Utafiti unabaki mikononi mwa msaidizi wa nne. Kichekesho hiki kinachukua nafasi ndogo tu ya hadithi, lakini aliyewahi kufanya kazi kwenye ofisi yenye wakubwa wengi anaweza kukisoma kila mwaka.

Huko milimani, ndani ya ukungu, wanalikuta bonde ambamo kila kitu ni cha mraba, kuku kwa binadamu, na kutengeneza kitu cha mviringo ni kosa la jinai. Wapwa wanatafuna ubani wa kupuliza. Mapovu ya ubani ni mviringo. Utaona mwenyewe shida ilipo. Mwisho wa safari yote hiyo, baada ya taabu isiyoelezeka, wanarudi nyumbani na kuku wawili wa mraba watakaoipa dunia mayai yanayopangika bila kuvunjika. Kuku wote wawili ni majogoo.

Scrooge alizaliwa kwa dharura. Mwezi Desemba 1947 Barks alihitaji mjomba tajiri wa hadithi moja ya Krismasi, Christmas on Bear Mountain. Akamchora mzee mchungu aliyejikunja kwenye kiti, akidhani atamtumia mara moja tu. Mwaka 1952 mzee alipata kitabu chake mwenyewe, na hadithi ya kwanza humo, Only a Poor Old Man, ndiyo bora kuliko zote alizopata. Scrooge anaogelea katika fedha zake. Anapiga mbizi ndani ya sarafu kama samaki, anachimba humo kama fuko, anazirusha juu zimdondokee kichwani. Wezi wake wa kudumu, Beagle Boys, wanazipata hatimaye fedha zote baada ya bwawa kupasuka. Mzee anaomba jambo moja: aogelee mara ya mwisho. Wanamwona anavyofurahi, na wao wanajitupa kichwa mbele. Sarafu ni chuma. Wanazirai wote. Kuogelea katika fedha ni ufundi, na mwenye ufundi huo ni aliyezitafuta moja moja. Barks haelezi jinsi inavyofanyika, na amefanya vizuri.

Fedha kwake ilikuwa kitu cha kuchunguza. Katika hadithi moja ya mwaka 1951 kimbunga kinabeba hazina ya Scrooge na kuimwaga nchi nzima. Kila mtu anakuwa milionea, kila mtu anaacha kazi, na anayebaki shambani akilima kabeji na kufuga kuku ni Scrooge. Njaa inapobisha hodi, watu wanakwenda kwake, na kabeji ina bei yake. Mwaka 1954, katika Tralla La, mzee amechoshwa na waombaji, anakimbilia bonde la Himalaya ambako fedha haijulikani, akiwa na chupa zake za dawa ya mishipa. Kizibo kimoja kinaanguka. Mwanakijiji anakiokota. Baada ya muda vizibo vimekuwa fedha, na wale wenye amani wanakabana makoo. Wasomaji wa mrengo wa kulia wanaipenda hadithi ya kwanza, wa mrengo wa kushoto wanaipenda ya pili, na zimetoka kwenye meza moja ndani ya miaka mitatu.

Mwaka 1953 alichora Back to the Klondike, na humo Scrooge ana moyo, jambo ambalo mwenyewe anajitahidi kulificha. Anarudi kwenye shamba lake la dhahabu la ujana, anamkuta Goldie, mwanamke aliyemwibia zamani, sasa ni mzee na maskini. Wanashindana kuchimba, na Scrooge anashindwa, kwa kuwa amesahau, anasema, mahali alipoifukia dhahabu. Donald peke yake ndiye anayehisi kwamba kumbukumbu ya mzee haikuwa na tatizo lolote. Wahariri waliondoa kurasa kadhaa za kumbukumbu za ujana, zenye ugomvi wa baa, kwa kuona haziwafai watoto.

Siwezi kumsifu mtu huyu mbele ya msomaji wa Kiafrika nikaruka hadithi mbili fulani. Mwaka 1948 alichora safari ya kumtafuta kipepeo katika Darkest Africa, na mwaka 1949 Voodoo Hoodoo. Watu weusi waliomo wamechorwa kwa kile kikaragosi cha midomo mikubwa na pete puani ambacho Marekani ya siku zile ilikitumia bila kufikiri. Matoleo ya baadaye yalizirekebisha baadhi ya sura, na wanaotetea husema zama zilikuwa hivyo. Zama zilikuwa hivyo, ndiyo. Lakini mtu huyu aliyechora nyumbu mchovu kwa huruma, aliyekuwa akipekua majarida ya National Geographic ili meli na mahekalu yake yasiwe ya kubuni, hakutafuta picha ya mwanakijiji mmoja wa Kiafrika amtazame usoni. Hapo mkono ulilala. Kinachotatanisha ni kwamba katika Voodoo Hoodoo hiyohiyo mkosaji ni Scrooge: katika ujana wake alikodi wahuni wakawafukuza wanakijiji kwenye ardhi yao ili apate shamba la mpira, na laana inayomfuata ni ya haki. Hadithi inajua kwamba ardhi iliporwa. Michoro haijui kwamba walioporwa ni watu. Ninavisoma vyote viwili kwa pamoja, na sijapata njia ya kuvitenganisha.

Mwaka 1971 huko Chile, Ariel Dorfman na Armand Mattelart waliandika kitabu kizima kuwashtaki mabata wa Disney kwamba ni mawakala wa ubeberu. Mashtaka mengi yana uzito. Wajomba wa Duckburg wanakwenda nchi za watu, wanachukua hazina, na wenyeji wanabaki wakitabasamu. Ila nadhani waandishi wale walisoma wakitafuta kiwanda, wakampita mtu mmoja aliyekuwa akicheka tajiri wake. Mwaka 1956 Barks alimpeleka Scrooge Afrika Kusini kupambana na Flintheart Glomgold, bata wa pili kwa utajiri duniani. Hesabu zao zinalingana, kwa hiyo wanaamua ushindi kwa mipira ya uzi waliyoikusanya maisha yao yote. Wazee wawili wenye mabilioni wanasukuma mipira ya uzi mbugani, mbele ya wanyama, kupima ni wa nani mrefu zaidi. Sioni propaganda ya ubepari hapo.

Alifanya kazi nyumbani, peke yake. Hadithi kwanza, kwa maandishi na michoro ya penseli. Kisha kurasa, kwa kawaida visanduku nane kwa safu nne. Kisha wino, kwa kalamu ya kuchovya, na brashi kwa sehemu nyeusi. Mke wake Garé, mchoraji wa mandhari aliyemwoa mwaka 1954, alimsaidia kuandika maneno na kujaza mandhari ya nyuma. Alilipwa kwa ukurasa, basi. Jarida lilipofika nakala zaidi ya milioni 3 kwa mwezi, mwanzoni mwa miaka ya 1950, malipo yake hayakujua habari hiyo. Kurasa zenyewe, zile alizozigusa, mchapishaji alizitupa nyingi baada ya kuchapa. Hazikuonekana kuwa na maana tena. Nikiwaza kurasa zaidi ya 6,000 nashindwa kusamehe.

Hata hivyo alikuwa makini kama vile kuna mkaguzi. Katika hadithi moja ya mwaka 1949 Donald na wapwa wanaiibua meli iliyozama kwa kuijaza mipira ya ping-pong. Mwaka 1964 meli ya Al Kuwait ilizama kwenye bandari ya Kuwait ikiwa na maelfu ya kondoo, na mizoga ilitishia maji ya kunywa ya mji. Mvumbuzi wa Denmark, Karl Krøyer, aliiibua kwa kuingiza ndani yake vipira vyepesi vya plastiki. Husimuliwa kwamba alipoomba hataza alinyimwa kwa sababu ya bata. Sehemu hiyo ina wabishi wengi. Meli iliibuka, na hilo halina ubishi.

Alistaafu mwaka 1966. Miaka ya 1970 alianza kuwachora mabata wake kwa rangi za mafuta, na picha zikauzwa kwa bei ambazo Scrooge angezipenda akiwa muuzaji tu. Mwaka 1994, akiwa na miaka 93, alikwenda Ulaya kwa mara ya kwanza, na watu walipanga foleni kumwona. Alifariki Agosti 2000, miezi saba kabla ya kutimiza 100. Naheshimu zile rangi za mafuta, lakini sizitamani. Zimetulia mno.

Wapenzi wengi wa Barks watakwambia uanze na safari ndefu: Andes, Klondike, miji ya dhahabu. Mimi ningekupa kwanza zile hadithi za kurasa 10 zilizotoka mwezi hadi mwezi, zilizochorwa na mtu mwenye tarehe ya kupeleka kazi. Humo hana nafasi ya kupamba. Kisanduku cha kwanza kinataja kazi, cha pili kinaonyesha Donald anavyojiona bingwa, na kuanzia hapo ni mteremko. Niipendayo ni ya mwaka 1952, ambamo Donald anafungua shamba la kuku juu ya kilima, na mji mdogo uko chini yake. Mtu aliyewahi kufuga San Jacinto anajua hesabu inavyokwenda: kuku wanazidi, mayai yanazidi, soko linakwama, na mayai yanaendelea kutagwa kwa sababu kuku hawasomi habari za soko. Shehena inateleza. Kilima ni kilima. Mabata wanahama usiku, na mji ule, ambao zamani ulikuwa na jina zuri la kuvutia wageni, unabadilishiwa jina na kuitwa Omelet.